Pweza Hapandi Basi

Kidogo, chekundu, hakina meno lakini kinauma. Msikimbilie kusema pilipili. Jibu limo humu humu.

Jumamosi moja mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, ilimsukuma mwalimu Waisale chini ya paa la soko, sulu yake ya kijivu, ile sketi ya wanaume wa huko, imemganda miguuni.

"We kaka, unamkanyaga nyangumi wangu!"

Akaruka. Chini ya kiatu palikuwa na kitabu cha watoto chenye picha ya nyangumi. Mwenyewe alivaa gauni la maua ya njano, na kikapu chake, badala ya magimbi, kilijaa hadithi.

"Samahani, dada. Ameumia?"

"Mkia tu," alicheka.

Jumatatu, Waisale alipoingia shule aliyohamishiwa, akamkuta palepale: Alumita, mwalimu wa darasa la nne. Mwezi haukuisha, simu zikawa hazipoi.

"Umekula, mkanyagaji wangu?"

"Nakungoja wewe, nyangumi."

Kisha Alumita akaenda kijijini kumzika babu yake, Waisale akashika darasa lake wiki nzima. Sereima, msichana asiyefungua kinywa, alikuwa ameandika habari za pweza aliyepanda basi kutafuta mkono wake wa tisa. Waisale akachomoa kalamu nyekundu: *Uongo. Pweza hapandi basi.* Jibu la kitendawili ndiyo hiyo kalamu. Hadithi thelathini, zote zikavuja damu.

Alumita akarudi.

"Unajua Sereima ameandika nini leo? 'Hili ni dawati.' Basi! Mwaka mzima namtafutia mtoto yule mlango, wewe umeupigilia misumari!"

"Lakini Alu, kweli pweza hapandi..."

"Usinipigie tena, Waisale."

Alipiga. Hakupokelewa. Akawa mtu wa kuzunguka ukuta wa bahari, simu inafunguliwa, inafungwa. Siku ya tatu ndipo akili ikamjia: aliowakosea hasa hawana simu. Na kwao mkosaji haendi mikono mitupu.

Ijumaa aliingia darasani, Alumita akiwa anafundisha, na fungu la mizizi ya kava, kinywaji cha heshima kwao, akaketi mkekani, akaliweka mbele ya watoto na kuinamisha kichwa.

"Nilizisahihisha hadithi zenu kama hesabu. Nimewakosea. Nisameheni."

Macho yote yakamgeukia Sereima. Akaigusa mizizi, kama wafanyavyo wazee.

"Tumepokea, mwalimu. Lakini na wewe uandike."

Waisale akashika chaki, akaandika ubaoni: *Palikuwa na mtu aliyemkanyaga nyangumi. Akampenda mwenye nyangumi.*

Alumita akaandika chini yake neno analoandika chini ya kila hadithi: *Ikawaje?*

Waisale akaendelea: *Akamwomba waoane.*

"Ikawaje?" darasa zima likapiga kelele.

Alumita akaitazama ile mizizi, akamtazama Sereima, akatabasamu.

"Wakapanda basi kwenda kwa baba wa mwenye nyangumi, kuposa."

"Na pweza je?" Sereima akauliza.

"Pweza," Waisale akajibu, akijifuta macho kwa mkono wenye chaki, "anakaa dirishani."