Bunduki ya Lige Hatcher

Kioo cha kabati la bunduki kilikuwa na ukungu. Neva Stroud alikiona Jumamosi asubuhi akipita na kapu la nguo. Ilikuwa Julai, nyumba imepashwa joto kama tanuri. Akaweka kapu chini, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kikatoka kikavu. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

"Verlin," akaita. "Hebu njoo."

Mumewe akaja na kikombe cha kahawa, akainama, akatazama. "Unyevu tu huo, mke wangu. Nitaweka dawa ya kukausha."

"Unyevu gani? Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Ni kama kuna mtu anapumua mle."

"Wewe nawe," akasema Verlin, akacheka. Lakini hakulifungua kabati.

Mle ndani mlikuwa na bunduki arobaini na mbili. Kwetu Panther Fork, katika vilima hivi vya Missouri, mwenye akiba huipeleka benki au hununua ng'ombe. Verlin, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa miaka arobaini akiba yake ilikuwa inaingia kabatini. Watu walimcheka. Kisha bunduki alizozinunua kwa bei ya ndama wawili zikaanza kutafutwa na wakusanyaji wa mbali, wenye magari yasiyo na tope, na kicheko kikaisha. Namba za bunduki zake alizijua kichwani kuliko namba ya simu ya bintiye. Hakuruhusu mtu kuzing'arisha. "Ukisugua ile rangi ya uzee umeiua," alisema. "Thamani yote iko kwenye kutu yake."

Ya mwisho kuingia ilikuwa Winchester ya mwaka 1873, aliyoipata majira ya kuchipua kwenye ghala la marehemu mmoja ng'ambo ya kaunti. Kitako kilikuwa na doa jeusi na herufi mbili zilizochongwa kwa kisu: L.H. Verlin aliamini ilikuwa ya Lige Hatcher, msaidizi wa sherifu wa enzi hizo, aliyempiga risasi mwanamke mlangoni kwake mchana kweupe, asishitakiwe, akazeeka na kuheshimiwa. Bunduki isiyo na hadithi ni chuma na mbao. Yenye hadithi, na karatasi za kuithibitisha, inaweza kununua nyumba. Kwa hiyo Verlin akawa anashinda mahakamani, akifukua majalada.

Kila karatasi aliyoileta nyumbani ilikuja na kitu nyuma yake.

Alipoleta kipande cha gazeti la zamani, sebule ilianza kunuka udongo mbichi na sabuni ya majivu. Neva alisugua sakafu mara tatu, harufu isitoke. Alipoleta maelezo ya shahidi, wakaanza kuusikia mlio. Walikuwa mezani saa sita mchana, wanakula maharage na mkate wa mahindi, na kule sebuleni ukasikika mkono wa bunduki, ule wa kupandishia risasi, ukivutwa chini na kurudishwa juu. *Ka-chak*. Mara moja tu, taratibu, kama anayefanya hana haraka.

Binti yao Carleen akashusha kijiko. Alikuwa na mimba ya miezi saba, amerudi kwa wazazi kwa kuwa mumewe alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta kaskazini.

"Baba," akanong'ona, "kuna mtu ndani?"

"Kula, mwanangu. Ni mbao zinatanuka kwa joto."

Siku iliyofuata, saa ileile, *ka-chak*. Na siku iliyofuata. Halafu ikafika barua ya kumbukumbu za kiwanda, ikionyesha kwamba bunduki yenye namba ile ilipelekwa kwenye duka la mji huuhuu. Verlin aliisoma amesimama barazani, akaisoma tena kwa furaha. Mchana ule, mlio uliposikika, Carleen akashika pua, na damu ikapita katikati ya vidole vyake.

Hospitali walimlaza siku mbili, wakampima kila kitu, wasione kasoro. Neva akampeleka kwa dada yake Springfield, mwendo wa saa mbili kwa gari. Saa sita mchana Carleen alikuwa jikoni kwa shangazi yake anamenya pichi, akainua kichwa kama aliyeitwa. Shangazi hakusikia chochote. Damu ikaanza kudondokea kwenye bakuli la pichi.

"Ni ile bunduki," Neva alimwambia mumewe waliporudi. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kabati lina masikio. "Itoe nyumbani kwangu."

"Alhamisi, Neva. Yule mnunuzi wa Tulsa anakuja Alhamisi. Siku tatu tu. Unajua ile bunduki itamfanyia nini mtoto wa Carleen? Atasoma mpaka achoke."

"Atazaliwa kwanza?"

Verlin alikwenda sebuleni, akasimama mbele ya kabati, na mkewe alimwona akiinua mkono kufungua, kisha akiushusha.

Jumatano mlio haukuja mara moja tu. Ulikuja saa sita kamili, ukaja tena, ukaja tena, *ka-chak, ka-chak, ka-chak*, kama mtu anayetafuta risasi ambayo haipo, na Carleen aliyekuwa amelala kwenye kochi akaanguka kwa magoti na mikono, na damu ikamtoka puani na mdomoni, nyekundu nyepesi, haigandi, ikafuata mianya ya mbao za sakafu moja kwa moja hadi chini ya kabati kana kwamba sakafu imeinamia huko. Verlin akapiga simu ya dharura, akaambiwa gari la wagonjwa liko upande wa pili wa kaunti, dakika arobaini. Neva alikuwa na taulo la tatu mikononi, limelowa. Hapo ndipo akamkumbuka Bi Opal Tackett.

Bi Opal ana miaka themanini na minne na anaishi ng'ambo ya kijito. Yeye huzuia damu. Wengi hapa hawalisemi hilo mbele ya mchungaji wala mbele ya daktari, lakini mtu akijikata kwa msumeno, mkewe humpigia Bi Opal kabla ya kumpigia mwingine. Si lazima akuone. Anataka jina lako kamili tu, basi, anausoma mstari wake wa Biblia akiwa kwake.

Neva akaweka simu sakafuni, spika ikiwa wazi. "Bi Opal, ni Neva. Carleen anavuja damu, haikatiki, naomba—"

"Jina lake kamili, mwanangu."

"Carleen Faye Dobbs."

Wakasikia kikongwe ananong'ona, jina la Carleen likipita ndani ya maneno ya mstari. Akafika mwisho. Damu haikupungua.

"Neva," akasema Bi Opal, na sauti yake sasa ilikuwa na hofu. "Nimeishika ile damu, imeniponyoka. Hiyo si damu ya Carleen."

"Inamtoka yeye! Naiona kwa macho yangu!"

"Inapita kwake tu. Ni ya mtu mwingine. Mmeleta nini humo ndani?"

Neva akamtazama mumewe. Verlin alikuwa ameegemea ukuta, uso mweupe. "Bunduki," akasema. "Ya Lige Hatcher. Aliyemuua yule mwanamke."

"Mwanamke gani? Nipe jina lake. Nipe jina nimzuie damu."

Verlin akakimbilia mezani. Akamwaga jalada lote chini, akapiga magoti katikati ya karatasi, akazipekua kwa mikono iliyojaa damu ya mwanawe. "Mke wa Amos Pruitt," akasoma. "Marehemu... mwanamke huyo... mke wa Pruitt tena... aliyetajwa hapo juu..." Akashika karatasi nyingine, akaitupa, akashika nyingine. "Namba ya bunduki wameandika. Hatcher wamemwandika mara kumi na tisa. Hata farasi, Neva! Farasi wameandika anaitwa Dolly! Yeye hawakumwandika popote!"

"Umekaa na karatasi hizi miezi minne," Neva akasema, "na hukutafuta?"

"Haikuwa... jina haliongezi bei," akasema Verlin, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akaanza kulia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na saba, kichwa chake kimegusa sakafu.

Carleen akainua uso. Macho yalikuwa yake lakini yalitazama mlango wa mbele, na mkono mmoja ulikuwa umezunguka tumbo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mdogo, yenye lafudhi nzito ya vilimani ambayo haizungumzwi tena, ikisema kwa unyonge, "Ngoja nimlaze mtoto kwanza, bwana. Ngoja nimlaze tu mtoto," ikarudia hayo, ikarudia, na kila iliporudia mkono wa bunduki ulivutwa ndani ya kabati na vioo vikatetemeka na ile harufu ya udongo ikajaa mpaka Neva akahisi mchanga kwenye meno yake.

Angeweza kukimbia. Baadaye alikiri kwamba miguu ilishanyanyuka. Lakini alitambaa kwenye damu ile, akaushika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akamtazama yule aliyekuwa nyuma ya macho yale.

"Mama," akamwambia, kwa upole kama unavyozungumza na mgeni aliyefika amechoka. "Wewe unaitwa nani?"

Mlio ukakatika.

"Mimi?" ikauliza ile sauti.

"Wewe. Jina lako. Ulilopewa kwenu."

Mdomo wa Carleen ukafunguka na kufumba, kama wa mtu anayeonja kitu alichokisahau. "Arminta," ikasema. "Arminta Jane. Baba yangu ni Yoakum, wa kule juu. Na huyu ni Ruthie, ana wiki sita."

"Bi Opal, umesikia?"

Lakini kikongwe alishaanza. Mstari ule ulitoka kwenye simu ile ndogo, na jina la Arminta Jane Yoakum Pruitt ndani yake, kisha la Ruthie, mara tatu. Damu ikasimama. Haikupungua polepole, ilisimama, kama bomba lililofungwa. Carleen akalala ubavu, akavuta pumzi ndefu. Ndani ya tumbo lake mtoto akapiga teke, na Neva aliliona kupitia nguo.

Mnunuzi wa Tulsa alifika Alhamisi, amevaa viatu vizuri. Alimkuta Verlin kwenye karakana, amevua miwani ya kuchomelea, na juu ya meza ya chuma kuna vipande kumi na moja vya ile Winchester.

"Mzee," akasema yule bwana, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mzee, ulikuwa na karatasi zake?"

"Zote."

"Unajua zimebaki ngapi duniani za namna hiyo?"

"Moja pungufu," akasema Verlin. "Ukitaka kahawa ingia ndani, mke wangu amepika. Sina kingine cha kukuuzia."

Ilichukua wiki mbili kulipata kaburi la Arminta na mwanawe. Lilikuwa nyuma ya kanisa lililoungua zamani, bila jiwe, tuta dogo la udongo chini ya miti ya mierezi. Verlin alichonga jiwe mwenyewe, majina mawili, na Bi Opal akaja na fimbo yake akasimama hapo. Vile vipande wakavizika mbali, mtoni.

Carleen hakukumbuka chochote, au ndivyo alivyowaambia. Jioni moja, akikunja nguo za mtoto na mama yake, akasema bila kuinua macho, "Mama, yule mwanamke hakuwa peke yake mle kabatini."

"Unasemaje?"

"Yeye alikuwa wa mbele tu. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni. Wamesimama, wanatazama mlango, wanangoja zamu."

Neva alikunja shati moja dogo, akalikunja tena. Kisha akanyanyuka, akachukua kiti cha jikoni, kalamu na daftari, akaenda sebuleni, akakaa mbele ya zile bunduki arobaini na moja. Alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Haya," akasema. "Nani anaitwa nani?"

Wakajibu wote kwa pamoja.