Rangi Nyuma ya Gurudumu

Kila mchana Exaucée alirudi kutoka shule, akavua sare yake nyeupe na buluu, akala ugali wa bukari na dagaa za ndakala alizoachiwa, kisha akavuka ua kwenda kwenye karakana ya mama yake. Ua ulikuwa mdogo, katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya mjini Lubumbashi, na nusu yake ilijaa vyuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia chembe za chuma zilizoanguka chini ya mashine. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuona kazi hiyo kuwa adhabu, kwa sababu akifagia aliweza kumtazama mama yake.

Mama Huguette alikuwa mkereza vyuma. Alijifunza kwa baba yake, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za mgodi, na sasa mashine ya kukereza ilikuwa yake. Wateja wageni walizoea kuchungulia ndani na kumuuliza fundi yuko wapi. Hakubishana nao. Aliwaomba waonyeshe kilichoharibika, na walipokuja kukichukua walimwita fundi wenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Jumatatu moja aliingia Laurent, kijana muuza simu wa barabara ya pili, na gari lake la mbio la milango miwili. Tusimnyime sifa yake: gari hilo alilinunua likiwa limechoka kabisa, akalihangaikia miaka mitatu hadi likang'aa. Kilichombakia moyoni ni namna lilivyosimama. Magurudumu yalikuwa yamejificha ndani ya bodi, gari likafanana na mtu aliyebana miguu kwa baridi. Na Jumamosi ile dada yake angeolewa, na gari hilo ndilo lingeongoza msafara.

"Mama Huguette, nataka mipila itoke inje kidogo," alisema, akionyesha magurudumu. "Isimame muzuri mbele ya bantu."

Mama Huguette alipiga magoti, akapima kwa rula kutoka ukingo wa bodi hadi kwenye tairi. Laurent alitaka sentimita tatu. Mama akamweleza kwamba kwa mashimo ya barabara zetu tairi lingeuma bodi siku ya kwanza tu. Angempa milimita kumi na tano, na kama hazimtoshi atafute fundi mwingine. Zikamtosha. Kazi yenyewe ni hivi: kati ya rimu na kitovu, yaani kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, huwekwa bamba la duara la alumini. Bamba husukuma gurudumu nje kwa unene wake, na gari likasimama limepanua miguu.

Siku mbili Mama Huguette alikereza mabamba manne. Exaucée alimwona akipima, akikwaruza kiasi cha unywele mmoja, akipima tena. Tundu la katikati la kila bamba lilikaa juu ya kitovu bila kucheza hata kidogo. Alitafuta pia bolti mpya zilizozidi zile za zamani kwa milimita kumi na tano, maana bolti fupi haishiki kitu. Exaucée alijaa fahari kuwa mtoto wa mwanamke yule.

Yeye alipewa brashi ya waya asugue vitovu vyote vinne, kutu na vumbi jekundu vitoke. Alisugua mpaka mabega yakamuuma. Jumatano Laurent alipopita kuangalia, Mama Huguette alimwonyesha vitovu vile.

"Mutoto huyu iko na mikono ya fundi," alisema. "Mupila wa ine, atafunga yeye mwenyewe."

Exaucée alikuwa ameomba kufunga gurudumu mwaka mzima, na sasa la nne lilikuwa lake. Usiku ule usingizi ulimruka. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Exaucée alilitia maji kesho yake.

Mama alikuwa ameenda sokoni kutafuta bolti zilizopungua za gurudumu la tatu. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la rangi nyekundu iliyobaki walipopaka geti. Exaucée aliwaza jinsi wekundu ule ungeonekana kati ya mikono ya rimu, na jinsi watu wa harusi wangeuliza nani alifanya gurudumu lile. Akalipaka bamba lake ukingoni, akalipaka mbele na nyuma, akarudia mara ya pili, akalianika juani. Kisha akafunga gurudumu. Mama aliporudi aliona mstari mwekundu, akacheka, akadhani amepaka ukingo tu. Akapima bolti zote tano kwa spana ya kipimo, ile inayolia tak bolti ikikazwa vya kutosha. Zote zililia.

Jioni gari liliteremshwa chini, na kwa kweli lilipendeza. Magurudumu yalisimama sawa na bodi, mapana na imara. Majirani walitoka, hata Mama Chishimba muuza makaa aliacha gunia lake akaja kutazama. Laurent alilizunguka mara tatu, kisha akauliza mbona mabamba mengine hayakupakwa rangi kama lile.

"Ukingo unaweza kupaka," Mama Huguette alimjibu. "Lakini fasi chuma inakutana na chuma, hapana kupaka hata kidogo. Rangi inapondeka, bolti inalegea, na mupila unaenda yake."

Exaucée aliliangalia gurudumu lake, ambalo sasa lingeweza kuchomoka barabarani. Angeweza kusema pale pale. Lakini majirani wote walikuwa wakimsifu mama yake, na aliogopa kumwaibisha, tena aliogopa kunyang'anywa spana aliyoipata kwa tabu. Akaumeza ukweli.

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja: aliyefunga gurudumu ndiye anayepanda gari likitoka mara ya kwanza. Mama Huguette alimfungulia mlango kwa furaha, naye akakaa kiti cha nyuma. Kapya, mpwa wa Laurent mwenye miaka mitano aliyekuja naye na ambaye angebeba maua ya harusi, alilia mpaka akaruhusiwa kukaa mapajani mwa Exaucée.

Walienda polepole, wenye pikipiki wakiwapigia honi za pongezi. Kapya aliimba. Vidole vyake vyenye utomvu wa embe vilishika kidole cha Exaucée na kukikaza. Laurent alisema wakitokea barabara ya Kipushi, kwenye lami nzuri, atalikimbiza kidogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayakuwa ya Exaucée peke yake.

"Yaya Laurent, simama. Tafazali," Exaucée alisema, akimwita kaka kwa heshima.

Laurent alimtazama kwenye kioo, akaegesha kando.

"Mupila wa nyuma, mi njo nilifunga," Exaucée alisema. "Nilipaka rangi fasi yote, mpaka kule chuma inakutana. Mama hajui."

Laurent hakumgombeza. Alimpigia Mama Huguette simu, naye akafika kwa pikipiki na mfuko wa vyombo mgongoni. Alipima magurudumu matatu na spana ikalia papo hapo kwa kila bolti. Alipofika kwenye la nne, bolti ya kwanza ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kulia. Ya pili vivyo hivyo. Laurent alimbeba Kapya, akamshika kwa nguvu.

Exaucée alilia, na hakuna aliyemkataza. Mama Huguette alipandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akampa bamba na brashi ya waya. Rangi ilikuwa imepondeka na kubanduka. Exaucée alisugua mwenyewe, mbele na nyuma, hadi alumini ikawa tupu na safi. Kisha akafunga tena, bolti kwa bolti ya mkabala, mama akimtazama mikono.

Jumamosi asubuhi msafara wa harusi ulisimama mbele ya karakana, honi zikilia, bibi harusi amekaa kwenye gari la mbele. Gari lilikuwa limetembea kilomita hamsini tangu bolti zikazwe, na baada ya mwendo huo huhitaji kupimwa tena. Laurent alishuka na suti yake. Hakumwita Mama Huguette. Alimwita Exaucée, akaomba apime yeye, na msafara mzima ukangoja. Exaucée alizunguka magurudumu yote, bolti ishirini, na spana ililia mara ishirini.

Msafara ulipoondoka, Mama Chishimba, aliyekuwa amesikia habari ya rangi ile, alitikisa kichwa. Akamuuliza Mama Huguette kwa nini spana anapewa tena mtoto aliyekosa.

"Juu alisema kosa yake," Mama Huguette alijibu. "Kukosa, kila fundi anakosa, hata mi nilikosaka. Fundi mwenye kuficha kosa, bengine njo banalipa na maisha yabo. Lakini mwenye kuisema wakati ingali mapema, huyo naweza kumuachia hata gari ya bibi harusi."

Exaucée alisikia. Alisimama getini, spana mkononi, akilitazama gari la Laurent likienda limesimama imara kwa magurudumu yote manne, mpaka likakata kona.