Saba ya Villads

Siku Waelfi, wale wapenzi wa mchezo wa kuigiza viumbe wa hadithi, wanapokwenda kambini, kituo cha treni cha Aarhus hakipitiki. Majoho, panga za mpira, masikio ya ncha ya kubandika. Abiria wa kawaida wanajipenyeza na masanduku yao huku wamenuna. Ditte alikuwa kwenye foleni ya soseji, joho la kijani likimfika vifundoni, simu ilipolia. Akaona jina, akaikata. Ikalia tena. Akaikata tena.

"Kata na ya tatu uridhike," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Asger mwenyewe, mpenzi wake, simu sikioni, amevaa shati la kitani ambalo Ditte alimshonea. Moyo ukamruka, akaukemea.

"Miezi minne nakupigia, Ditte. Hata mwizi husomewa mashtaka."

"Unataka kusomewa? Haya." Akachomoa kitabu cha kambi, akakifungua penye namba. "Saba ni nini?"

"Soveli."

"Pembeni jina la nani?"

"Lako."

"Nililibuni lini, mpenzi?" Hilo mpenzi lilitoka kama tusi.

Kambini kwao, kila neno la Kielfi, lugha yao ya kubuni, huandikwa pamoja na jina la aliyelibuni, na kumwandikia mtu neno lisilo lake ni aibu kubwa. Sarufi ilikuwa ya Asger. Namba zilikuwa za Ditte, lakini alizianza utotoni na mdogo wake, Villads, kwa zamu: Villads moja, yeye mbili, hadi sita. Saba ilikuwa zamu ya Villads. Akalazwa hospitali, hakurudi. Ditte alipokua akamalizia nane hadi kumi na mbili, saba akaiacha wazi. Tangu hapo watu wa kambi wakifika saba hunyamaza na kugusa ardhi, wakidhani ni mila ya Waelfi. Hata Asger hakuwahi kuambiwa zaidi, maana Ditte hakuwa mtu wa kumzungumza marehemu wake.

"Nimelitoa kwenye daftari lako la utotoni," Asger akasema. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu. "Si ulinipa nilitengeneze? Nikajua ulilisahau, nikakuchapia liwe zawadi."

"Mwongo! Lile daftari nalijua ukurasa kwa ukurasa."

"Kurasa, ndiyo. Jalada je?"

"Jamani, mnanunua au mnaachana?" muuza soseji akauliza.

Asger akalitoa daftari mkobani. Ile karatasi ya ukutani yenye maua, ambayo Ditte na Villads waliibandika kuwa jalada, alikuwa ameibandua kwa maji, taratibu. Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli: *7: soveli. Nimeshacheza zamu yangu. Usichungulie mpaka nirudi.*

"Nilidhani ni wewe uliyemwandikia rafiki yako," Asger akasema.

Ditte alitazama ile saba iliyokatwa mistari miwili. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiikata hivyo. Akakaa juu ya mkoba wake katikati ya foleni, akalia kwa sauti, na watu wakampisha.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye. "Alikuwa na miaka tisa."

Asger akachutama, akanyoosha mkono. Ukapigwa kofi.

"Usiniguse! Bado nimekukasirikia."

"Kwa lipi tena, jamani?"

"Umechungulia kabla yangu."

Asger akabaki amechutama, macho yamemwiva.

"Una kalamu?" Ditte akauliza, akijifuta kamasi kwa pindo la joho. "Futa jina langu. Andika Villads."

"Vimechapwa mia tatu."

"Basi utafuta mia tatu."

"Peke yangu?"

"Nitakusimamia. Unaandika vibaya, nani atakuamini?" Safari hii hakuuondoa mkono wa Asger ulipomtua begani.

Kwenye jukwaa la treni, kiongozi wa safari aliwapanga wahesabiane kabla ya kupanda, kwa Kielfi, kila mtu namba yake. Ditte akasogea akihesabu vichwa, akamwomba mzee mmoja mwenye ngao, aliyekuwa wa saba, wabadilishane nafasi. Hesabu ikaja. Ilipotajwa sita, kundi zima likainama kugusa sakafu, kimya, kama kawaida yao.

Ditte hakuinama.

"Soveli!" akapaza sauti, machozi yakimtiririka.

Vichwa vikainuka, wote wakamkodolea macho. Nyuma yake Asger akaitika nane.