Mtani wa Lusajo

Katika Makumbusho ya Vita vya Barafu, kwenye sayari ya Mirihi, askari Lusajo alikuwa akifa kila saa, isipokuwa muda wa chakula cha mchana. Mtambo uitwao kihuishi ulinyonya kumbukumbu kutoka kwenye kofia yake ya vita, ukamsimamisha mbele ya watu akiwa mwanga mtupu, akivuja damu na kumwita mama yake. Watu wa Kaskazi na wa Kusi, waliouana miaka mingi kwa ajili ya barafu ya maji ya kunywa, walimtazama, wakalia, wakakumbatiana. Amani ilikuwa imenoga. Walikuwa wameshakuwa watani, na msibani mtani wa upande wa pili ndiye aliyekuja kuwachekesha wafiwa.

Siku hiyo akafika mama mwenyewe, Bi Kissa wa Kaskazi.

"Lusajo, mwanangu, nipo hapa."

Mwanga ukamgeukia. Mhandisi Mbaruku, Mkusi aliyeunda mtambo ule, aliusogelea upesi. Picha zake hazikuundwa zigeuke.

"Mama, mbona umechelewa? Nakuita kila siku. Wananiamsha, naumia, nakufa, wananiamsha tena."

Watalii walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Mtani," Bi Kissa alimwambia Mbaruku, "humu umeweka picha au mtoto?"

"Nilidhani picha, mama. Wallahi nilidhani picha. Kumbe akili yake imeamka humo humo."

"Mtoe."

"Pa kumtoa hakuna. Mwili hana. Nikizima, ndiyo basi."

Bi Kissa alikaa sakafuni. Miaka yote alimtafuta, leo amempata, na sasa aombe azimwe! Hakuna mama anayestahili kuulizwa swali hilo, na hapakuwa na wa kumjibia. Mwishowe aliinuka.

"Kwetu maiti haizikwi bila mtani. Haya, mtanie."

Mbaruku aliweka kidole kwenye swichi.

"Nyie Wakaskazi wavivu," alisema kwa shida, "hata kufa mpaka sisi tuwasaidie."

Lusajo akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu auawe alicheka kile kicheko chake cha puani, na mama yake akakitambua. Kidole cha Mbaruku kiligoma. Bi Kissa aliweka chake juu ya kile, akabonyeza, kicheko kikiwa bado hakijaisha.

Giza likaingia. Kutoka ukumbi wa pili ilisikika sauti ya askari wa Kusi, naye akiwa ndani ya kihuishi, akimwita mama yake.

"Usinyamaze, mtani," alisema Bi Kissa huku akilia kwa sauti. "Msiba ndio kwanza umeanza."