Nilimgongea Mama Mkwe Kengele ya Msiba Akiwa Mzima

"Desmond, acha utani. Fungua mlango."

Nikagonga mbao kwa ngumi.

"Desmond!"

Nikasikia ufunguo unazunguka kwenye kitasa. Halafu sauti ya mume wangu ikapita kwenye mbao, ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Nisamehe, Rowena. Nitakuja kukufungulia jioni."

"Jioni?! We una akili timamu kweli?"

Hatua zikaenda zake.

Jamani! Mume wangu wa ndoa, baba wa watoto wangu wawili, amenifungia ndani ya mnara wa kanisa mchana kweupe!

Na simu yangu kaondoka nayo. "Nipe hiyo simu nikumulikie ngazi," aliniambia. Nikampa. Mwenyewe. Kwa mkono wangu.

Mnaniuliza niliingiaje? Niliingia kama panya anavyoingia mtegoni, kwa kufuata ninachokipenda.

Asubuhi ile Desmond alikuja jikoni akaniambia, "Mafundi wa chokaa wamekuta jina la Harkess limechongwa ukutani kule juu. Na mwaka wake. Ni la zamani mno."

Harkess ni ukoo wa mume wangu. Mimi si mzaliwa wa Oxenby, nimeolewa tu hapa. Lakini katika parokia hii yote hakuna anayeijua historia ya hapa kunishinda. Nani kamwoa nani, nani kazikwa wapi, nani alipewa shamba, nani alinyang'anywa, niulize mimi. Nimezunguka na brashi nikisugua ukungu kwenye makaburi mpaka kasisi ananitania kwamba nawajua marehemu kuliko waumini.

Kwa hiyo niliacha vyombo kwenye sinki nikapanda mbio.

Ukuta ulikuwa mtupu. Hakuna jina. Hakuna mwaka. Kulikuwa na kamba za kengele zinaning'inia, na harufu ya kinyesi cha popo.

Nikachungulia kwenye kile kidirisha chembamba cha mawe. Ndipo moyo ukanilipuka.

Gari jekundu. Limeegeshwa mbele ya geti la mama mkwe.

Lorna!

Lorna ni wifi yangu, dada yake Desmond. Anaishi Hull, mjini. Mara mbili alikuja kumchukua mama yao akaishi naye, na mara mbili nilimshinda. Mara ya kwanza nilificha viatu vya mama. Mara ya pili nilikaa juu ya boneti ya gari mpaka Lorna akalia, akaondoka peke yake.

Msinione mkorofi. Nilikuwa na sababu.

Makaburi yetu yamebaki na nafasi chache mno, na nafasi ni za wanaoishi parokiani. Ukihama, unaanza kumbembeleza kasisi. Baba mkwe amelala pale kando ya ukuta, na ubavuni mwake kuna nafasi ya mkewe, Mama Hilda. Mimi ndiye niliyepigania nafasi ile. Mimi ndiye niliyemwita fundi wa mawe akachonga jina la mama kabisa chini ya la mumewe, ukabaki mwaka tu. Mama mwenyewe ni Garbutt kwa kuzaliwa, na akina Garbutt wamejaa kona nzima ya makaburi yale. Niliona wazi kwamba wakimpeleka Hull watamng'oa kwao, aje azikwe katikati ya watu asiowajua.

Na sasa mume wangu anamsaidia dada yake kumtorosha!

Nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Upepo ukazimeza zote.

Nikashika kamba ya kengele kubwa. Nikavuta. Nikavuta tena, hovyo hovyo, kama mwendawazimu.

Chini nikamwona Prudence, jirani yetu, anapita na kikapu. Akasimama! Akatazama juu! Nikatoa mkono kidirishani nikaupunga.

Na yeye akapunga.

"Vizuri, Rowena!" akapaza sauti. "Leo afadhali! Endelea kujifunza!"

Akaenda zake.

Nilikaa chini nikataka kulia. Kosa ni langu. Mimi ni mwanafunzi wa kengele, na kijiji kizima kimeshazoea fujo zangu. Hata ningeigonga mpaka mnara uanguke, wangesema Rowena yuko mazoezini.

Nikachungulia tena. Desmond anatoa sanduku ndani. Lorna anafungua buti.

Hapo ndipo akili ikanijia. Akili mbaya, lakini akili.

Oxenby kuna mlio mmoja ambao hakuna mtu anayeupuuza. Mlio wa msiba. Kengele kubwa, taratibu, peke yake. Mwanamume ni tatu mara tatu. Mwanamke ni mbili mara tatu. Kisha unanyamaza kidogo, halafu unagonga umri wa marehemu, mwaka kwa mwaka. Watu huacha kila kitu wakahesabu. Wakimaliza kuhesabu, wanajua ni nani na wanakwenda nyumbani kwake.

Nyumbani kwake, wenzangu. Hapo ndipo nilipotaka waende.

Mungu anisamehe. Nikashika kamba.

Mbili. Mbili. Mbili.

Mwanamke.

Nikanyamaza. Halafu nikaanza kumwua mama mkwe wangu, mwaka baada ya mwaka.

Mikono iliwaka moto. Kufika arobaini mabega yalikuwa hayahisi kitu. Kupitia kidirisha niliona milango ikifunguka. Muuza nyama katoka na aproni, kavua kofia. Prudence kaweka kikapu chini, midomo inachezacheza, anahesabu. Sabini na tisa... themanini... nikaona watu wanaanza kutazamana.

Themanini na nne.

Nikaachia kamba.

Katika Oxenby mwanamke wa miaka themanini na nne ni mmoja tu.

Walitoka kama siafu! Wamevaa makoti meusi juu ya nguo za kazi, mikononi mabakuli ya chakula yamefunikwa vitambaa. Wakajaa kwenye geti la Mama Hilda mpaka lile gari jekundu likawa halina pa kupita.

Kufumba na kufumbua mlango wa mnara ukafunguliwa. Mzee Wilfred, mkuu wa wagonga kengele, ufunguo wa akiba mkononi, anahema.

"Nani kakuruhusu kugonga msiba bila mimi? Na Hilda kafa saa ngapi? Asubuhi nimemwona ananunua stempu!"

"Hajafa, mzee. Nipishe!"

"Hajafa?! Rowena! We mtoto wa nani wewe?"

Nilikuwa nimeshampita.

Nilipofika getini, Prudence alikuwa ameegemea dirisha la gari analia kwa kwikwi, na ndani ya gari, kiti cha mbele, kakaa Mama Hilda. Kofia yake ya Jumapili kichwani. Pochi mapajani.

"Masikini Hilda wetu," Prudence analia, "hata kwaheri hakuaga..."

"Nilikuwa naaga kwa barua," mama mkwe akasema. "Nimenunua stempu."

Prudence alipiga yowe, bakuli likamponyoka! Lorna akalidaka.

"Shukeni!" nikafoka. "Mshusheni mama yangu! Mbele ya hawa watu wote, Desmond, sema unamtorosha mama yako!"

Desmond akatazama viatu vyake.

"Sema! Mwanamume mzima unamfungia mkeo mnarani!"

"Nimemwambia mimi," Mama Hilda akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Umesemaje, mama?"

"Nimemwambia mimi akufungie. Hakutaka. Nimemsumbua wiki nzima."

Watu wote wakasogea karibu. Hata watoto.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu unapiga kelele, mwanangu. Na unaficha viatu. Nataka kwenda kwetu, sina nguvu ya kupigana na wewe."

"Kwenu ni hapa! Akina Garbutt wote wako hapa, nimekuonyesha..."

"Mimi si Garbutt."

Jamani, nilishika geti.

"Nilikuja hapa na miaka minne," akasema taratibu, kama anamsimulia mtu mwingine. "Wakati wa vita, walipokuwa wanatutoa watoto mijini tusiuawe kwa mabomu. Nilikuwa na kikaratasi cha jina kimefungwa kwenye koti. Akina Garbutt hawakuwa na mtoto, wakanichagua. Mama yangu alisema atanifuata vita ikiisha. Bomu likamkuta Hull. Yuko kule, kwenye kaburi la pamoja na wenzake. Sijawahi kulala karibu naye tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii naketi na wewe naandika historia..."

"Walinilea vizuri, ningeanzaje kusema nataka kwetu? Halafu nikaolewa. Halafu ukaja wewe. Kila jioni unaniuliza huyu kazikwa wapi, yule kazikwa wapi. Kila Jumapili unanipitisha pale nisome jina langu mwenyewe kaburini, Rowena. Hata siku moja hukuniuliza nilitoka wapi."

Nikamgeukia Mzee Wilfred. Alikuwa amefika, bado anahema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa shuleni siku basi lao lilipofika. Nilimpa nusu ya tufaha langu." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua. Si wewe ndiye mwanahistoria?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Miaka yote nilijiona mlinzi wa yule mama. Kumbe nilikuwa askari jela wake, tena askari mwenye bidii.

Nikafungua mlango wa gari. Lorna akaruka, "Usimguse!"

Sikumgusa kwa ubaya. Niliinama nikamfunga mkanda, maana Lorna hajui, huwa anaupitisha shingoni.

"Sweta la buluu umebeba?" nikauliza.

"Lipo sandukuni."

"Na dawa za presha?"

"Zipo, Rowena."

"Kule kuna upepo wa bahari, usikae dirishani."

"Nitakaa dirishani," akasema mama mkwe wangu. "Hiyo ndiyo kazi ninayoiendea."

Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, ila macho yalikuwa ya msichana anayesubiri basi liondoke.

Watu wakapisha. Wale waliokuja na mabakuli wakaona aibu kurudi nayo, wakayapakia kwenye gari, moja baada ya jingine. Nyama ya nguruwe, mikate, pai ya Prudence. Gari halijafika kona nikaona mkono wa mama umefunua kitambaa cha pai.

Desmond akanisogelea na simu yangu. "Umenikasirikia?"

"Sana. Utalala kwa mbwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue nimekukasirikia wewe au mimi."

Nawaambia ninyi mnaosoma, hasa mlioolewa mkashika nyumba za watu kwa mikono miwili kama mimi. Ukiwa na mzee nyumbani, usimpangie pa kulala milele wakati bado ana miguu ya kwenda anakotaka. Muulize. Halafu ukishamuuliza, nyamaza asikike.

Nilipogeuka, nusu ya parokia ilikuwa bado imesimama getini, makoti meusi, hawajui waende wapi.

"Sasa?" muuza nyama akauliza. "Tuondoke tu?"

Watu walikuwa wameacha kazi zao wakaja msibani. Nikapandisha mikono ya sweta, nikafungua mlango wa ile nyumba tupu, nikaenda kuweka birika la chai.