Sifuri Tisa za Ukurasa wa Tatu

Kila likizo ikifika, natoka shule ya bweni na kuingia chini ya utawala wa mama yangu. Saa moja asubuhi tunafungua kiwanda chake kidogo cha kuchapa madaftari. Nafagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia, kisha naketi ofisini na mhasibu, ambaye wote humwita Dada Kalamu, kwa kuwa hajawahi kumwazima mtu kalamu bila kumfuata kuidai. Likizo ninayoisimulia, alikuwa na miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio.

Siku moja alinikabidhi fomu ya ofisi ya takwimu.

"Nakili kurasa mbili hizi kwa mwandiko safi. Wa tatu usiuguse mpaka nitafute risiti."

Mwanafunzi wa bweni akiambiwa asiguse kitu, mkono unaanza kumwasha. Nikaufunua. Uliuliza ni huduma gani tulizonunua mwaka mzima kutoka kwa watu wasio wakazi wa nchi hii. Nikakuna kichwa. Karatasi zetu huja kwa kontena, nimeziona kwa macho yangu. Lakini huduma inaingiaje nchini? Inashushwa na winchi? Inapita dirishani?

Kulikuwa na mistari tisa: usafirishaji, bima, programu za kompyuta, matengenezo ya mashine na mengine ya kutisha zaidi. Nikamkumbuka fundi wa mashine. Alitoka ng'ambo kweli, lakini kazi aliifanyia hapa hapa, siku kumi na moja, huku akimaliza chai yetu. Sasa hiyo imetoka nje au haikutoka? Na daktari wa meno anayetibu wafanyakazi wetu ana pasipoti ya kigeni, ila anaishi mtaa wa pili tangu sijazaliwa. Je, huyo? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kupotea. Mwishowe, kwa utulivu wa jaji, nikaandika sifuri tisa, zote za duara safi.

Dada Kalamu akaingia mbio. Mtu wa kuchukua barua alikuwa mlangoni.

"Huu wa tatu nani kaujaza?"

"Mama," nikajibu. Uongo ulitoka kabla sijaukaribisha.

Akasaini, akagonga muhuri, fomu ikaenda.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja wa ofisi ya takwimu, miwani puani, mkoba begani.

"Mwaka jana mlinunua huduma nyingi nje," alimwambia mama. "Mwaka huu sifuri tupu. Ile programu ya kupangia kurasa mmeiacha?"

"Tuiache? Nailipia kila mwezi!" Mama akamgeukia Dada Kalamu. "Saini hii si yako? Umeandika sifuri kwa fundi niliyemlipia mpaka ndege? Mtu kama wewe nitamwachiaje kazi yangu? Mwisho wa mwezi huu tuagane."

Dada Kalamu alinitazama. Nilijua anangoja nini. Nilipoinama kuokota kipande cha karatasi, akasema taratibu, "Saini ni yangu, mama. Nilipaswa kukuuliza."

Afadhali angenitukana.

"Ni mimi," nikasema. "Nilijaza mimi, nikamdanganya kwamba umejaza wewe. Sikuelewa kitu, mama. Hata sasa sielewi."

Mama alifungua mdomo, lakini mgeni akamwahi.

"Hujaelewa nini, binti yangu?"

"Fundi alikuja hapa. Ameagizwaje kutoka nje?"

"Usitazame kazi imefanyikia wapi. Tazama anayelipwa anaishi wapi. Alirudi kwao?"

"Alirudi. Na daktari wetu wa meno? Ana pasipoti ya kigeni, ila anaishi mtaa wa pili."

"Basi mmeagiza matengenezo. Na daktari wenu maisha yake yako hapa. Huyo ni wa hapa, hata akiwa na pasipoti tano."

"Kwa hiyo aliyekuja hapa ni wa nje, na daktari wa kigeni ni wa hapa?"

"Hasa!"

Nikakaa chini. Dada Kalamu akaficha kicheko nyuma ya faili.

"Huduma haipiti kwa afisa wa forodha," mgeni aliendelea. "Pesa za nchi zinatoka kuilipia, na macho yetu ni fomu hizi tu. Ukiandika sifuri, unasema umetafuta, hukukuta kitu. Wewe ulitafuta?"

"Hapana, shikamoo," nikajibu kwa kuchanganyikiwa, na mama mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko.

Kisha akamgeukia mhasibu wake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Kazi yako iko palepale."

Siku mbili mimi na Dada Kalamu tulipekua risiti. Mistari minane ikajaa. Wa bima ukatushinda: kampuni ina ofisi hapa, na malipo mengine yalipelekwa ng'ambo. Nikaandika: "Hatujui bado. Tumewauliza."

Mgeni aliporudi na kuisoma fomu, alivua miwani.

"Huu ndio mstari ninaouamini kuliko yote," alisema. "Kutojua si aibu, binti yangu. Ukisema hujui, tutatafuta pamoja. Ukijifanya unajua, kuna mtu mwingine atakayeadhibiwa kwa niaba yako."