Cherehani Isiyokuwemo Kitabuni

Jumamosi kwenye kibanda cha fundi simu hapatoshi! Watu wamebanana mbele ya meza ya kioo, huyu analia chaji haiingii, yule skrini imepasuka kama utando wa buibui, mwingine anataka picha zake zirudi hata kama simu yenyewe haifufuki. Katikati ya vurugu hiyo akaingia dada mmoja, gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na kwenye mfuko mmoja riwaya imechungulia nje.

"Imeanguka?" fundi akamuuliza. Shati jeupe, mikono kaikunja mpaka viwikoni, na vidole, jamani, vidole virefu vya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo kwa adabu.

"Imezama. Kwenye ndoo. Nilikuwa nafua huku nasoma."

"Na kitabu je?"

"Kitabu nilikiokoa kwanza."

Kibanda kizima kikacheka. Fundi akaifungua simu, akaipuliza, akabadilisha spika. Halafu, ili aijaribu, akabonyeza rekodi ya kwanza aliyoiona. Sauti ya yule dada ikajaa kibandani:

"...mwanamke akizimia kabla ya ukurasa wa hamsini, mimi nafunga kitabu! Hatuna muda wa kupepea watu!"

Dada wa watu akatamani ardhi ipasuke.

"Ni wewe huyo?"

"Zima, tafadhali."

"Subiri kwanza, spika sijaiamini." Na akaongeza sauti, mshenzi.

Mchana yule dada alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi yake kuwaambia wenye mashavu yaliyovimba wasubiri. Jioni alikuwa mtu mwingine. Kwenye kundi la wasomaji, humo humo ndani ya simu, walimwita Mama Kurasa ingawa mtoto hana. Alipenda riwaya za mapenzi, lakini zile ambazo watu wana kazi, wana mawifi, wanaumwa kichwa. Tajiri mwenye gari jeusi akitokea sura ya kwanza, anaguna. Kila kitabu alikisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa penseli, ndipo anawarekodia kundini: alichoka wapi, alilia wapi, na angemwazima nani. Mwisho wa hadithi hausemi hata umbembeleze vipi. "Mwisho ni mali ya anayesoma," ndivyo alivyokuwa akijibu.

Siku hiyo hiyo fundi akajiunga na kundi. Jioni akapiga simu.

"Naulizia hali ya mgonjwa wangu. Spika inaongea?"

"Inaongea kuliko wewe."

"Na mwenye spika? Anasoma nini leo?"

"Kwani wewe unasoma?"

"Mimi? Vitabu nakula kama njugu."

Basi hapo, moyo wa mtu ukafanya kazi ya bure. Mchumba wake wa zamani alikuwa akimpokonya kitabu mkononi na kumuuliza kama hana kazi ya kufanya, na siku walipoachana alimwapia mdogo wake: "Simtaki tajiri wala mtanashati. Namtaka mtu atakayemaliza kitabu nilichokimaliza mimi, halafu tugombane."

Fundi akawa anafunga kibanda mapema, wanakutana kwenye mgahawa nyuma ya kliniki, meza ya dirishani. Yeye ananukia sabuni na risasi ya kuunganishia nyaya. Wakiongea riwaya, chai inapoa.

"Yule shujaa wa sura ya nne," Mama Kurasa anaanza, "si angesema ukweli tu?"

"Ndicho nilichokiona! Anajivuta mno, mpaka unataka umsukume."

"Ee! Unanisoma mawazo!"

Mdogo wake alikaa nao siku moja, na njiani kurudi akauliza:

"Dada, huyu shemeji hajawahi kukataa kitu?"

"Anakataaje wakati tunaelewana?"

"Hata sukari anaweka kama unavyoweka wewe."

"Wivu huo, mdogo wangu. Tafuta wako."

Jumapili fundi angekuja nyumbani kumwona mama. Gauni lilikwisha pigwa pasi, mama alikwisha hamisha viti mara kadhaa. Ijumaa wakakutana mgahawani, na fundi, macho yamelegea kwa mapenzi, akasema:

"Unajua kile kitabu chako cha juzi? Pale baba anapouza cherehani ya binti yake. Nililia, mpenzi. Mtu mzima mimi."

Mama Kurasa akamshika mkono. Mwanaume anayelia kwa riwaya! Alirudi nyumbani anaelea, akakichukua kitabu ili asome tena pale pale penye machozi ya mwenzake.

Hakupaona.

Akarudi nyuma, akapekua. Baba wa kwenye kitabu ni dereva, na hauzi kitu chochote. Cherehani hakuna. Akakaa kitandani, na taratibu ikamjia: wiki ile alikuwa na riwaya mbili mezani pale mapokezi, alirekodi wakati wa chakula, mgonjwa mmoja anagonga kioo, na akachanganya. Cherehani ilikuwa ya kitabu kingine. Kosa lilikuwa lake, limo kwenye rekodi yake, na hakuna aliyemsahihisha.

Akapiga simu.

"Mpenzi wangu, bado hujalala?"

"Niambie kitabu kinaishaje."

"Si unasema mwenyewe, mwisho hausimuliwi..."

"Nisimulie mimi. Nimeshasoma."

Upande wa pili bisibisi ikadondoka mezani.

"Umekisoma au hukukisoma?"

"Nilikusikiliza."

"Na vile vingine?"

"Nikifanya kazi nakuweka sikioni," fundi akasema polepole. "Kutwa nzima. Rekodi zako nazijua kama njia ya kwetu. Kitabu cha nini wakati wewe upo? Nililia kweli, ujue. Nililia kwa sauti yako."

Hapo karibu amsamehe! Maana ni neno tamu, nani atabisha? Lakini utamu ule ulimshuka kooni kama dawa.

"Sawa, wewe ulinipenda mimi," akasema. "Na mimi je? Miezi yote hii nilikuwa nampenda nani?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Jumapili usije."

Mama mtu akarudisha viti mahali pake bila kuuliza. Mdogo mtu, ambaye angeweza kusema 'nilikwambia', alimletea maji tu.

Siku zikapita, kundi linauliza Mama Kurasa kapotelea wapi. Ndipo mchana mmoja, yuko mapokezi, simu ikalia: rekodi mpya kundini, na si ya kwake.

"Hamjambo. Mimi ni fundi simu. Kitabu hiki nimekisoma, na mimi si mtu wa kusoma, kwa hiyo nimeteseka. Kimenichosha mwanzo mpaka katikati. Mama Kurasa anamsifu yule binti kwamba ni jasiri. Mimi naona ana kiburi. Baba yake ndiye nimemhurumia, anaendesha gari usiku kucha na hakuna anayemuuliza amekula. Hapo nimelia, na hapo hakuna aliyenionyesha. Na cherehani nimeitafuta. Haimo."

Kundi likacheka. Mama Kurasa alicheka pia, peke yake nyuma ya kioo, halafu kicheko kikageuka kilio na mgonjwa mmoja akamuuliza kama na yeye ni jino. Akatoka nje, akapiga.

"Kiburi? Yule binti ana kiburi?"

"Tena kikubwa! Angemsalimia baba yake, kitabu kingekwisha mapema."

"Hujui kusoma wewe!"

"Na wewe hujui kusikiliza!"

Wakagombana. Waligombana vizuri, kwa raha, mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi. Ugomvi ule ule aliouomba maisha yake yote.

"Basi," fundi akasema, sauti imekuwa ndogo, "Jumapili nije?"

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekwisha fika mdomoni.

"Huyu niliyegombana naye sasa hivi nimempenda," akasema. "Lakini nyie ni wawili, na sauti ni moja. Kila utakaponikubalia nitajiuliza ni wewe au ni rekodi. Siku utakaponiambia unanipenda, ndiyo nitajiuliza zaidi."

"Sitakukubalia tena. Nitakubishia kila kitu."

"Unaona? Hata hilo unalisema ili nifurahi."

Spika aliyoiweka fundi kwa mikono yake ilileta pumzi zake zote, safi kabisa, mpaka simu ikakatika.

Jioni Mama Kurasa akarekodi, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Kundi likangojea uhakiki mrefu. Ukaja mfupi.

"Nilikosea, wapenzi wasomaji. Kwenye kitabu kile hakuna cherehani. Atakayekisoma, asiisubiri."